Tukishika Dola, Anas Wetu Tutamfanya Nini?



Niliposema wiki hii naandika kuhusu rushwa, wengi mlitegemea ile orodha ya kawaida ya majina. Sina orodha leo. Majina mnayajua, mengine mnayaimba kabisa mikutanoni. Nataka tumzungumzie mtu ambaye hata sura yake hatuijui: Anas Aremeyaw Anas wa Ghana. Klipu zake mmeziona, maana kila zikitoka tunasambaziana humu usiku kucha. Ni yule jamaa wa kofia yenye shanga zinazoning'inia mpaka kidevuni, ukimwangalia unaona shanga tu. Kila baada ya klipu mtu anaandika, "Na sisi tunamhitaji Anas wetu!" na watu wanagonga moyo na ngumi.

Sawa. Tunamhitaji. Ila nina wasiwasi kwamba tunachokipenda ni video, na kazi yenyewe bado hatujaikubali, hasa ile sehemu itakayotuuma sisi wenyewe. Ndiyo maana naomba tuiangalie kazi yake toka mwanzo.

Anas alipokuwa bado mwanafunzi wa uandishi wa habari pale Accra, alipelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye gazeti. Wenzake walikaa ofisini. Yeye akaingia barabarani na wamachinga, akauza karanga kwenye foleni za magari. Nia yake ilikuwa kuona jinsi polisi wanavyowafukuza wauzaji na jinsi wanavyochukua chochote ili wawaache. Nani kati yetu hajawahi kuona mgambo akifanya hivyohivyo? Tumeona, tumelalamika, tumepanda daladala tukaenda zetu. Yeye alibaki pale na sinia la karanga mpaka akapata habari kamili.

Mtindo wake ulianzia hapo. Baadaye alifanya kazi ya ufagizi kwenye danguro moja la Accra ili apate ushahidi wa watoto wa kike waliokuwa wakiuzwa humo. Mwaka 2009 akajifanya mgonjwa, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Accra, akala chakula cha pale na kumeza dawa walizompa, huku kamera ya siri inarekodi wahudumu wakiuza dawa za kulevya ndani ya wodi. Mwaka huohuo Barack Obama alipohutubia bunge la Ghana alimtaja kwa jina kama mfano wa ujasiri. Wakati wanasiasa wanapiga makofi ukumbini, nadhani wachache walijua kwamba zamu yao ilikuwa njiani.

Jambo moja tusilipite haraka. Anas alisomea pia sheria, na kaulimbiu yake ina sehemu tatu: taja, aibisha, peleka jela. Sisi vijana wa mitandaoni tumebobea kwenye mbili za kwanza. Kutaja tunataja. Kuaibisha ndiyo usiseme. Ya tatu ndiyo inayotushinda, kwa sababu inataka ushahidi unaoweza kusimama mbele ya hakimu, uonyeshe tarehe, mahali, sauti, nani alimpa nani, kwa ajili ya nini. Picha ya skrini iliyokatwa nusu haimfungi mtu. Inampa tu wakili wake kicheko.

Kazi inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ni ile ya majaji, 2015. Kwa takriban miaka miwili Anas na timu yake ya Tiger Eye walizunguka mahakama za Ghana wakijifanya ndugu na jamaa wa watu wenye kesi. Wakarekodi majaji na mahakimu 34, kati yao 12 wakiwa wa Mahakama Kuu, pamoja na makarani waliokuwa madalali wa kesi. Hongo yenyewe sasa! Kuna waliopokea fedha, na kuna waliopokea mbuzi, kondoo na viazi vikuu. Narudia, jaji anapokea mbuzi. Ukicheka kumbuka upande wa pili wa kesi ile kuna mtu aliyeibiwa au aliyeumizwa, yupo nyumbani anasubiri haki, na haki yake imeshafungwa kamba inalia mee nyuma ya nyumba ya mheshimiwa.

Lakini angalieni alichofanya Anas baada ya kupata video. Hakuzitupa mtandaoni usiku uleule apate wafuasi. Alipeleka maombi rasmi ya kutaka majaji wale waondolewe, kwa utaratibu wa katiba ya Ghana. Akaomba kinga ya kutoshtakiwa chini ya sheria yao ya watoa taarifa ya mwaka 2006, akapewa. Kisha ndipo filamu ikaonyeshwa hadharani Accra, Septemba 2015. Majaji wakakimbilia mahakamani kuzuia isionyeshwe. Jaji Mkuu, Georgina Wood, mwanamke ambaye taasisi yake ndiyo iliyokuwa inavuliwa nguo, hakuificha aibu. Akawasimamisha kazi, uchunguzi ukafanyika, na ilipofika Desemba 2015 mahakimu na majaji 20 wa mahakama za chini walikuwa wamefukuzwa.

Mnaona mnyororo ulivyo? Mwandishi, sheria ya kumlinda, Mwanasheria Mkuu aliyekubali kuitumia, Jaji Mkuu aliyekubali kuaibika. Ukikata pingu moja, mbuzi anabaki kwa jaji na Anas anaingia ndani. Sisi tukisema "tunamhitaji Anas" tunataja pingu moja tu ya mnyororo.

Tena mahali pengine kazi yake imetugusa huku kwetu moja kwa moja. Mwaka 2011 alikuja Tanzania, wakati ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanawindwa kama wanyama. Timu yake ilitengeneza mkono wa bandia unaofanana na wa mtu mwenye ualbino, wakauchukua mpaka kwa waganga kama chambo, na polisi wakaingia. Filamu ilionyeshwa Al Jazeera. Kabla yake, mwaka 2008, Mtanzania mwenzetu Vicky Ntetema wa BBC alikwishafanya kazi ya aina hiyo, akajifanya mteja kwa waganga, akatoa habari, akatishiwa kuuawa mpaka ikabidi aondoke nchini kwa muda. Hivyo anayesema Watanzania hatuwezi kazi hii hajui historia. Tunaiweza. Kinachokosekana ni mgongo wa kuegemea baada ya habari kutoka.

Kisha ikaja 2018, na hapa wapenzi wa mpira mnakumbuka. Filamu ya "Number 12" ilimwonyesha Kwesi Nyantakyi, rais wa chama cha soka cha Ghana, makamu wa rais wa CAF na mjumbe wa baraza la FIFA, akipokea dola 65,000 kutoka kwa mtu aliyedhani ni mwekezaji tajiri. FIFA ilimfungia maisha, ingawa baadaye mahakama ya michezo ilipunguza ikawa miaka 15. Marefa nao walinaswa. Mmoja alikuwa Aden Marwa wa Kenya, tayari ana tiketi ya Kombe la Dunia kule Urusi kama mwamuzi msaidizi. Alionekana akipokea dola 600. Kombe la Dunia lote kwa dola 600! Akaliangalia kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Filamu ile ndiyo iliyoleta damu.

Kabla haijaonyeshwa, mbunge mmoja wa chama tawala wakati ule, Kennedy Agyapong, alianza kumshambulia Anas hadharani. Kwamba ni tapeli, kwamba anawatisha watu awatoe fedha. Haya, mtu ana haki ya kusema anachoamini na mahakama zipo. Ila hakuishia hapo. Kupitia kituo cha televisheni anachokimiliki yeye mwenyewe alionyesha picha ya Ahmed Hussein-Suale, mmoja wa wapelelezi wa karibu wa Anas, akataja eneo anakoishi, na akawaambia watu wakimwona wampige, yeye atalipa. Ahmed alikuwa mtu wa nyuma ya pazia. Silaha yake, ngao yake, bima yake ya maisha ilikuwa moja tu, kwamba hakuna anayeijua sura yake.

Usiku wa tarehe 16 Januari 2019, Ahmed akiwa ndani ya gari lake eneo la Madina, Accra, watu wawili wenye pikipiki walimpiga risasi kifuani na shingoni. Akafa palepale. Agyapong alihojiwa na polisi na alikana kuhusika, na haki inanilazimisha niliandike hilo kwa herufi zilezile. Miaka ikapita bila mtu yeyote kutiwa hatiani.

Sasa nikae hapo kwenye picha kidogo, kwa sababu hapa ndipo inapotuhusu sisi na simu zetu.

Miezi michache iliyopita, kwenye kundi letu moja la wilaya, aliingia mtu na nyaraka za malipo ya mradi wa kisima. Kisima hakipo, malipo yapo. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba kamanda aliyezipokea alizirusha kama zilivyomfikia, na juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na jina na namba ya simu ya mtumishi aliyezituma. Kundi lina watu zaidi ya mia mbili. Nani anajua wote ni akina nani? Nilipomfuata inboksi akanijibu, "Kaka acha woga, watu wajue tuna watu ndani." Ndani ya wiki mbili yule mtumishi alihamishwa kituo, akapelekwa mbali na watoto wake wanaosoma. Kamanda wetu akaandika kwamba huo ni ushahidi wa udikteta. Udikteta upo, sibishi. Ila namba ya simu ile haikutolewa na dikteta.

Agyapong alitumia televisheni, sisi tuna WhatsApp. Najua nia ni tofauti, mmoja alitaka mtu apigwe na mwingine alitaka sifa. Lakini kwa aliyeanikwa matokeo yanafanana, kwa sababu sura ikishatoka hairudi. Na nchi hii si ngeni kwa mambo hayo. Januari 2008 Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage walivamiwa ofisini kwao MwanaHalisi, mmoja akamwagiwa tindikali na mwingine akakatwa panga. Azory Gwanda aliondoka nyumbani Kibiti Novemba 2017 na mpaka leo familia yake inaulizwa swali ambalo wao ndio wanaopaswa kuuliza. Tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ndiyo, ipo kwenye vitabu. Isomeni. Inamzungumzia anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Karani anayemwona mkuu wake akila fedha za kisima, na mkuu huyohuyo ndiye mlango wa kwanza wa hiyo mamlaka, aende wapi?

Kuna wanaoniuliza, na wana haki: je, kumtega mtu si dhambi? Anas anakuja na bahasha yake, anakushawishi, ukipokea anakuita mwizi. Mwezi Machi 2023 Mahakama Kuu ya Ghana ilitupa kesi ya kashfa aliyomfungulia Agyapong, na jaji akasema anachofanya Anas ni ugaidi wa kiuchunguzi. Maneno mazito hayo. Miaka miwili baadaye, Machi 2025, raia waliokaa kusikiliza kesi nyingine ya kashfa aliyomfungulia Agyapong huko New Jersey, Marekani, wakaamua kwamba Anas alikashifiwa. Kila mtu achague hukumu anayoipenda, kama kawaida.

Mimi msimamo wangu ni huu, na sitaki kuuficha. Kazi ya majaji siitilii shaka hata kidogo, kwa sababu kesi zilikuwa za kweli na soko la hukumu lilikuwa limefunguliwa kabla Anas hajafika na bahasha. Yeye alikwenda sokoni kama mteja mwingine. Lakini ile ya kumwalika waziri hotelini, ukavaa kanzu ya mwekezaji ambaye hayupo, wa mradi ambao haupo, ukamwekea mezani fedha ambazo maishani hajawahi kuona pamoja, hapo mimi nakuwa na maswali. Inanionyesha tabia ya mtu, sawa, na labda inatosha kumnyima uwaziri. Kumfunga jela ni kitu kingine. Wapo watakaoniita laini kwa kusema hivi. Basi na iwe.

Uwaziri, naam, ulipotea. Novemba 2022 Anas alitoa filamu nyingine, na Charles Adu Boahen, waziri wa nchi kwenye wizara ya fedha, alisikika akiwaeleza "wawekezaji" kwamba wakitaka kuonana na makamu wa rais waandae dola 200,000. Makamu wa rais alikana kujua lolote na akataka mhusika aondolewe. Rais Akufo-Addo akamfukuza siku hiyohiyo habari ilipowaka.

Na sasa nimefika nilipotaka kufika tangu mwanzo, mtanisamehe kwa kuzunguka.

Tazameni miaka. Majaji wa mbuzi walirekodiwa na kufichuliwa NDC ikiwa madarakani, Rais akiwa Mahama. Nyantakyi na waziri wa dola 200,000 walifichuliwa NPP ikiwa madarakani, Rais akiwa Akufo-Addo. NPP iliingia ikulu Januari 2017 kwa ahadi nzito za kupambana na rushwa, baada ya kukaa upinzani miaka 8. Miaka 8 ya kusema yale tunayosema sisi. Mwaka mmoja na nusu tu baadaye, mbunge wao alikuwa anaonyesha kwenye televisheni picha ya mpelelezi wa rushwa na kuwaambia watu wampige. Huyo hakutoka mwezini. Alikuwa mpinzani, alisimama majukwaani, alishangiliwa na vijana kama sisi.

Je, chama chake kilimtenga? Novemba 2023 aligombea kuteuliwa kuwa mgombea urais wa chama hicho akashika nafasi ya pili, nyuma ya Bawumia tu. Maelfu ya wanachama walimpigia kura.

Najua kuna mtu anayesoma hapa anasema, sisi hatuko hivyo. Mimi nipo kwenye makundi yenu, jamani. Mwaka jana mwandishi mmoja alihoji matumizi ya michango ya kampeni kwenye jimbo fulani, michango yetu sisi, siyo ya serikali. Maswali ya kawaida kabisa: mlipokea kiasi gani, mafuta ya magari lita ngapi, risiti ziko wapi. Kabla ya jioni alishaitwa pandikizi, kibaraka, chawa, na kuna mtu aliweka picha yake akiwa na mkewe. Niliiona kwa macho yangu. Iliwekewa ngumi na mioyo, zilezile tunazomwekea Anas.

Risiti, kwa taarifa yenu, hazijaletwa mpaka leo.

Kwa hiyo nimeandika hoja ya ukurasa mmoja na nitaiwasilisha kwenye kikao cha vijana cha mwezi ujao. Ina mambo matatu. Kwanza, nyaraka yoyote inayotufikia isiingie kundi lolote kabla watu wawili hawajaondoa jina, namba, saini na kila alama inayomwonyesha aliyeileta, na atakayekiuka aondolewe uongozi hata kama ni rafiki yangu. Pili, chama kiseme kwa maandishi, sasa hivi tukiwa bado hatuna kitu cha kulinda, kwamba tutabadilisha sheria ya 2015 ili imlinde na anayepeleka taarifa kwa mwandishi wa habari, na kwamba kinga hiyo itahusu serikali yetu kama inavyohusu hii. Tatu, jimbo lile lilete risiti.

La tatu najua litaleta makelele. Nimeshaanza kupigiwa simu.